Sanduku la Marehemu Sheikh: Uchambuzi wa Kisa cha Mtafiti wa Taaluma za Kiislamu Mwanza

Kuhusu kisa hiki

Majina ya watu, mtaa, msikiti na vyuo yameondolewa. Mhusika mkuu ataitwa Mtafiti, na wenye vitabu wataitwa Familia. Kisa kinawahusu zaidi wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaofanya kazi na maandishi yaliyo majumbani mwa watu, ambako hakuna mkutubi, hakuna rejista, na mwenye ufunguo wa sanduku si lazima awe mwenye mali.

Njia aliyopita Mtafiti

Mtafiti ni mzaliwa wa Mwanza. Alisoma chuoni, yaani madrasa, kwa mpangilio unaojulikana na wengi: juzuu za Kurani, kisha Safinat al-Naja katika fiqhi ya Kishafii, kisha Ajurrumiyya katika nahau. Alifanya mtihani wa kidato cha nne, lakini badala ya kuendelea na kidato cha tano akaingia maahad (chuo cha masomo ya Kiislamu) kwa masomo ya thanawi, yaani ya sekondari. Kutoka huko alipata ufadhili wa kusoma sharia katika nchi ya Kiarabu na kurudi na shahada ya daraja la jayyid jiddan (nzuri sana).

Aliporudi ndipo alipogundua pengo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo inayotambua shahada za nje, na mwombaji huulizwa pia alipandaje hadi kuifikia shahada hiyo. Cheti chake cha thanawi hakikuwa na ulinganifu wa Baraza la Mitihani (NECTA). Isitoshe, nafasi za ualimu wa chuo kikuu nchini hutangazwa kwa kigezo cha GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, kwa kipimo cha 5. Jayyid jiddan haiingii kwenye safu hiyo bila tafsiri rasmi.

Uamuzi wake ulikuwa mgumu. Kwa kuwa alikuwa na krediti tatu za kidato cha nne, alijisajili kama mtahiniwa binafsi wa kidato cha sita, akachukua Historia, Kiarabu na Maarifa ya Uislamu. Kisha akaanza upya shahada ya kwanza ya ualimu hapa nchini, miaka mitatu, akiwa na umri wa kuwafundisha baadhi ya wanafunzi wenzake. Wapo waliomwambia kuwa anajipotezea muda. Kwa hali yake uamuzi ulikuwa sahihi: alitoka na GPA ya 4.1, akafanya uzamili kwa 4.2, na pale chuo kilipotangaza nafasi hapakuwa na karatasi ya kubishaniwa. Lakini gharama ilikuwa kubwa, na ingeepukika kama angemaliza kidato cha sita kabla ya kupanda ndege. Wazazi na masheikh wanaowaandaa vijana kwenda nje wanapaswa kulisisitiza hili kuliko wanavyofanya sasa.

Kwa uzamivu alichagua mada iliyomfaa kuliko mtu mwingine yeyote darasani: vitabu na hati za masheikh wa mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria.

Mada na mahali

Maandishi ya Kiislamu ya pwani yamechunguzwa kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa hati za Kiswahili na Kiarabu, ambao katalogi yake ilichapwa mwaka 1970 kwa kazi ya J. W. T. Allen. Bara haikupata bahati hiyo, na kwa mwambao wa ziwa ni kidogo sana kilichoorodheshwa. Hata hivyo Uislamu si mgeni huku. Wafanyabiashara kutoka pwani walipitia Tabora hadi kusini mwa ziwa, na upande wa kaskazini walikuwa wameshafika kwa Kabaka Suna wa Buganda katikati ya karne ya 19. Baadaye tarika (njia ya Kisufi) ya Kadiria, iliyoenezwa na wafuasi wa Sheikh Uways al-Barawi (aliyeuawa mwaka 1909), ilipenya bara, na reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 vitabu vilisafiri kwa wepesi zaidi. Kitabu kilichonunuliwa Unguja kingeweza kumfikia mwalimu wa Mwanza kikiwa tayari na majina ya wamiliki watatu au wanne kwenye ukurasa wa kwanza.

Sanduku la kisa hiki lilikuwa la sheikh aliyefundisha kwa miongo mingi na kufariki miaka kadhaa kabla ya utafiti. Aliacha mjane mmoja, watoto wa kiume wanne na mabinti watatu. Mirathi haikufunguliwa. Nyumba ilibaki nyumba ya familia, na sanduku la bati lilibaki chini ya kitanda katika chumba cha mtoto wa kiume mkubwa.

Yaliyotokea

Mtafiti alifuata ngazi zote za serikali. Barua ya chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Kila mmoja aligonga mhuri. Akaenda kwa mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye walijuana msikitini, akamwamkia, akajieleza, akaonyesha barua. Kaka alifurahi. Alisaini fomu ya ridhaa siku hiyohiyo na kuvuta sanduku.

Kwa majuma kadhaa Mtafiti alipiga picha kwa simu, akiwa ameketi mkekani, mara nyingi jioni baada ya kazi za chuo. Alikusanya picha zaidi ya 600. Katika andiko la kuombea tasnifu aliandika kwamba amepata “hati 43 za mkono”.

Tatizo lilianza na neno moja asiloweza kulisoma. Katika daftari la marehemu, lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alikuta mstari uliofifia. Alipiga picha ukurasa mzima na kuuweka kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzake ili wamsaidie. Ukurasa ule ulikuwa wa kumbukumbu za ndoa na talaka ambazo sheikh alizishuhudia: majina ya mume na mke, mahari, idadi ya talaka, mashahidi. Picha ilisambazwa nje ya kundi. Siku chache baadaye mama mmoja wa mtaa wa jirani alimfuata binti mkubwa wa marehemu, ambaye ni mwalimu wa madrasa ya wanawake, akamwonyesha kwenye simu jina la mama aliyemzaa yeye mwenyewe.

Binti alikwenda kwa kaka yake, kisha akampigia Mtafiti. “Ustadhi, hivi vitabu si vya kaka peke yake. Na siri za watu alizoziweka baba si zetu sote.” Wadogo zao waligawanyika. Mmoja alitaka sanduku liuzwe, mwingine alitaka lipelekwe msikitini, mjane alisema liachwe lilipo. Kazi ikasimama.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kazi na kumwandikia msimamizi wake chuoni siku ileile, bila kupunguza wala kupamba. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, ukurasa wenye majina ya watu na mambo yao ya ndoa hauchukuliwi kuwa picha ya kawaida. Msimamizi alimtaka aombe picha iondolewe katika makundi aliyoyajua, aandike orodha ya waliokuwa nayo, na aende kwa yule mama kuomba radhi akiwa na mtu mzima wa kumsindikiza. Alikwenda na mjane wa marehemu. Mama aliyakubali maneno yake, kwa sharti kwamba daftari lile lisiguswe tena.

Wa pili ulihusu picha zilizokwisha kupigwa. Wengine walishauri zifutwe zote. Mtafiti alizinakili kwenye memori kadi, akaikabidhi kwa mjane na binti mkubwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kisha akafuta nakala zake. Sababu ilikuwa nzuri: picha hizo, pamoja na ubovu wake, zilikuwa ushahidi pekee wa hali ya sanduku siku alipolifungua. Endapo karatasi ingepotea baadaye, Familia ingekuwa na cha kulinganishia.

Uamuzi wa tatu ndio uliookoa kazi. Mtafiti alimaliza miaka akisoma faraidhi (elimu ya kugawa mirathi), lakini alipoingia nyumba ile aliiweka elimu hiyo kando na kushika fomu ya chuo. Sasa aliirudia. Mjane ana thumuni (moja ya nane) kwa kuwa kuna watoto, na kinachobaki hugawanywa kwa kila mtoto wa kiume kupata mara mbili ya binti. Kwa watoto wa kiume wanne na mabinti watatu, mali hugawanyika mafungu 88: mjane 11, kila mtoto wa kiume 14, kila binti 7. Kaka aliyesaini fomu alikuwa na mafungu 14 kati ya 88. Saini yake haikuweza kubeba mengine 74.

Hivyo Familia ilishauriwa kufungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo: cheti cha kifo, kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, jina la msimamizi wa mirathi, tangazo, kisha uteuzi. Kikao kilimpendekeza mtoto wa kiume wa pili awe msimamizi. Fomu mpya ya ridhaa ilisainiwa na msimamizi huyo baada ya warithi wote kukubaliana, na mjane aliweka dole gumba.

Kabla ya kugawa chochote, ilibidi ijulikane kipi ni mali na kipi si mali. Hapa binti mkubwa ndiye aliyefanya kazi kubwa. Alifungua kitabu kimoja kimoja na kusoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Katika vitabu 11 alikuta maneno ya wakfu kwa ajili ya wanafunzi wa elimu, pamoja na kauli ya kawaida kwamba kitabu hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi. Hivyo viliondolewa kwenye mirathi papo hapo, na binti akateuliwa kuvisimamia. Mabishano ya kuuza sanduku zima yaliisha hapo, maana aliyetaka kuuza hakuwa tayari kuuza wakfu, na bila vitabu hivyo 11 hakuna mnunuzi aliyekuwa na hamu.

Daftari la talaka lilifungwa kwenye bahasha, likatiwa lakiri na kuachwa kwa mjane. Mtafiti hakulitumia hata kwa kuhesabu.

Kupiga picha kwa mara ya pili

Picha za simu zilikuwa na kasoro ambazo hazirekebishiki kwenye kompyuta. Nyingi zilikata sehemu ya chini ya ukurasa. Hilo ni kosa kubwa katika maandishi ya Kiarabu, kwa kuwa chini ya ukurasa wa kulia mwandishi huweka neno litakaloanza ukurasa unaofuata. Kitabu kikishafumuka, neno lile ndilo linalokuambia karatasi ipi inafuata ipi. Ukilikata, umebaki na rundo la karatasi.

Safari hii alitumia kamera kwenye stendi, lenzi ikitazama chini wima, taa mbili zikimulika kutoka pembeni kwa nyuzi 45, bila mweko. Rula na kadi ya kijivu ziliwekwa kando ya kila ukurasa. Kila karatasi ilipewa namba kwa penseli laini pembeni juu, na kurasa tupu zilipigwa pia. Jina la faili lilitaja kitabu, karatasi na upande: F07_023b ni kitabu cha saba, karatasi ya 23, upande wa nyuma. Picha asili zilihifadhiwa kama TIFF, za kusomea kama JPEG. Mtu mmoja aligeuza kurasa, mwingine alibonyeza kamera na kusoma namba kwa sauti.

Kazi ilifanywa saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Karibu na ziwa, taa zikiwashwa jioni wadudu wadogo huingia kwa wingi na kutua kwenye karatasi, na ukiwapangusa wanaacha doa la mafuta. Kipindi cha masika kiliepukwa, kwa sababu karatasi zilizonyonya unyevu hushikana na kuchanika zinapofunguliwa.

Usafi ulikuwa wa brashi laini kavu peke yake. Vitabu vingi viliandikwa kwa wino wa masizi. Wino huu hauli karatasi kama ule wa chuma, lakini huchuruzika ukiguswa na maji, hivyo kitambaa chenye unyevu hakiruhusiwi hata kwenye jalada. Selotepu zilizobandikwa zamani hazikubanduliwa, kwa kuwa gundi yake hung’oa maandishi. Naftalini iliondolewa sandukuni, vitabu vikafungwa kwa bafta iliyofuliwa bila kutiwa wanga, na sanduku likainuliwa juu ya matofali mbali na ukuta kwa ajili ya mchwa.

Matokeo

Karibu mwaka mzima ulipotea. Tasnifu ilikamilika, lakini si ile iliyoandikwa kwenye andiko la kwanza.

Kati ya vitabu 43, ni 17 tu vilivyokuwa vya mkono. Vilivyobaki 26 vilikuwa chapa za Cairo na Bombay, na kadhaa kati yake vilikuwa vya chapa ya jiwe, ambavyo humdanganya hata msomaji mzuri kwa sababu mwandishi huandika kwa mkono kisha maandishi yakahamishiwa kwenye jiwe. Namna ya kuvitambua ni hii: wino una uzito uleule kila mahali, hakuna sehemu kalamu ilipochovywa upya ikakoza, na ukurasa wa mwisho hutaja matbaa (kiwanda cha uchapaji). Mtafiti alivihesabu kabla ya kusoma kurasa za mwisho.

Marehemu aliacha pia daftari dogo la kuorodhesha vitabu vyake, lenye majina 45. Viwili havikupatikana.

Nakala tatu za picha zilitolewa: moja kwa Familia, moja kwa madrasa anayofundisha binti mkubwa, moja kwa maktaba ya chuo. Hakuna kilichowekwa mtandaoni. Kasida ambazo sheikh alizitunga mwenyewe ziliachwa nje ya viambatisho, kwa kuwa hakimiliki ya mtunzi nchini hudumu miaka 50 baada ya kifo chake na sasa iko mikononi mwa warithi. Mtafiti alipandishwa kuwa mhadhiri baada ya kutunukiwa uzamivu.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kwamba alisimama mapema na kusema ukweli. Angeendelea kimyakimya kwa kutegemea saini ya kaka, Familia ingevunjika mbele ya sanduku, na vitabu vingegawanywa au kuuzwa kimoja kimoja. Mkusanyiko uliogawanywa hauna tena historia: huwezi kujua nani alisoma nini kabla ya nini.

Mihuri ya serikali ilimlinda alipokuwa njiani, lakini haikumpa haki yoyote ndani ya nyumba. Watafiti vijana huchanganya mambo haya mawili kila mara. Barua ya Katibu Tawala inamweleza mtendaji kwamba wewe si mhalifu. Haimfanyi mrithi mmoja kuwa msemaji wa warithi wanane. Swali la kwanza kwa mwenyeji lingekuwa kama mirathi imefunguliwa, na la pili kama kuna kitabu chochote cha wakfu. Yote mawili huulizwa kabla sanduku halijafunguliwa.

Fomu ya kwanza ya ridhaa ilikuwa dhaifu pia kwa sababu ilikuwa na ruhusa moja tu: “nakubali kushiriki”. Fomu ya pili ilitenganisha ruhusa ya kupiga picha, ya kunukuu katika tasnifu, ya kuchapa picha, na ya kuweka mtandaoni, kila moja na nafasi yake ya kukubali au kukataa. Familia ilikubali mbili za kwanza, ya tatu kwa kurasa zilizotajwa, na kuikataa ya nne. Angeomba ruhusa zote kwa mkupuo, Mtafiti angekataliwa zote.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo halijapewa uzito linaostahili. Vitabu vya chapa, ambavyo Mtafiti alivunjika moyo alipovigundua, ndivyo vilivyozaa sura bora za tasnifu. Pembezoni mwa kurasa zake sheikh alijaza maelezo yake mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, mahali pengine akiweka neno la Kisukuma kwa ajili ya wanafunzi wake. Minhaj ya Imam al-Nawawi iliyochapwa Cairo inapatikana kila mahali. Ile yenye kalamu ya mwalimu wa Mwanza ikieleza mlango wa zaka kwa mifano ya ng’ombe na mtama iko moja tu. Kusoma maelezo hayo kunahitaji uvumilivu. Ba husimama kwa b na p, fa kwa f na v, alama ya kasra kwa i na e, ya dhumma kwa u na o, hivyo neno lilelile linaweza kuwa “bata” au “pata”. Mtafiti alisoma kila pembezo mara mbili na binti mkubwa, aliyeijua sauti ya baba yake, na walipotofautiana aliandika aina zote mbili za usomaji.

Kwenye tarehe alikosea hadi rasimu ya mwisho. Mwaka 1331 Hijria ulianza Desemba 1912 na kumalizika Novemba 1913. Bila mwezi, tarehe sahihi ni 1912/1913, wala si 1913. Penye mwezi na siku, bado kuna tofauti ya siku moja, kwa kuwa mwandamo hutofautiana na siku ya Kiislamu huanza magharibi. Mtahini wa nje alirudisha tasnifu kwa tarehe tu, na masahihisho yalichukua miezi miwili.

Udhaifu uliobaki ni wa lugha. Tasnifu iliandikwa Kiingereza, na kwa muda mrefu Familia haikuwa na kitu cha kusoma. Baadaye Mtafiti na binti mkubwa walitengeneza orodha ya Kiswahili: jina la kitabu, mtunzi, chapa au mkono, wamiliki waliotajwa, wakfu au mali, hali ya karatasi. Ukurasa wa mwisho wa orodha una majina ya vile vitabu viwili ambavyo havijaonekana, pamoja na maelezo ya majalada yake kama marehemu alivyoyaandika, ili mwenye navyo ajue pa kuvirudisha.